Land Rover na Masika ya Kilombero

Masika yakikolea, sehemu kubwa ya bonde la Kilombero hugeuka maji. Mito ya Mnyera, Ruhudji na Mpanga huleta yake, Lumemo hushuka kutoka milima ya Udzungwa na kupita Ifakara, na mbuga ya karibu kilomita za mraba 8,000, ambayo mwaka 2002 iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, hufurika kati ya Machi na Mei. Mkulima wa mpunga hushukuru. Dereva hukunja suruali. Udongo mweusi unaoupa mchele wa Ifakara sifa yake ni huohuo unaojaza kashata za tairi mpaka gurudumu likabaki linazunguka palepale.

Kabla ya lami na kabla ya daraja, gari lililopewa kazi ya kupita humo mara nyingi lilikuwa la aina moja: pua bapa, bodi isiyoshika kutu, na mngurumo unaosikika kabla gari lenyewe halijaonekana. Daktari wa misheni, bwana shamba, askari na mpima ardhi, wote walilijua. Habari ya namna Land Rover ilivyofika hapo, na namna ilivyokuja kunyang'anywa nafasi yake na Mjapani, inaanzia kwenye shamba moja huko Wales.

Gari la muda

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipomalizika, kampuni ya Rover ya Uingereza ilibaki na kiwanda kikubwa Solihull, karibu na Birmingham, na kazi ya kukijaza haikuwepo. Kabla ya vita ilitengeneza magari ya watu wenye nafasi. Sasa wenye nafasi walikuwa wamepungua, na serikali iliyolemewa na madeni iligawa chuma kwanza kwa viwanda vilivyouza bidhaa nje ya nchi.

Maurice Wilks, aliyeongoza uhandisi wa Rover, alikuwa na ardhi kisiwani Anglesey, huko Wales, na hapo alitumia Jeep kuukuu ya jeshi la Marekani kuvuta, kubeba na kupita matopeni. Jeep ilimfaa, lakini ilikuwa imechoka, na spea zake zilikuwa taabu kupatikana. Yeye na kaka yake, Spencer Wilks, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni, wakaamua Rover iunde ya kwake.

Gari la kwanza la majaribio, la mwaka 1947, lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep, na usukani ukawekwa katikati kama wa trekta. Usukani huo baadaye ulihamishiwa pembeni, ila fikra ya trekta ilibaki: injini iliweza kuunganishwa na shafti ya kuendeshea msumeno, pampu ya maji au mashine ya kupuria nafaka. Tarehe 30 Aprili 1948 gari hilo likaonyeshwa hadharani kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam. Lilikuwa na injini ya petroli ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 50, na bei yake ilikuwa pauni 450. Milango na turubai la juu vilihesabiwa kuwa nyongeza.

Wakubwa wa Rover waliliona kuwa gari la kupitishia shida, la kuingiza fedha za kigeni kwa miaka miwili mitatu mpaka magari ya kifahari yarudi sokoni. Haukupita muda likawa linauzwa kuliko magari mengine yote ya kampuni.

Uhaba wa wakati ule ndio uliolipa gari hili tabia zilizokuja kulifaa Afrika. Kwa kuwa chuma cha mabati kilikuwa cha mgawo, bodi ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini, ambayo haishiki kutu. Kwa kuwa hapakuwa na fedha za kununua mashine kubwa za kukandamiza bati katika maumbo ya mviringo, mapande ya bodi yalikatwa yakiwa karibu bapa na kukunjwa kwa njia rahisi, kisha yakafungwa kwa boliti na ribiti. Bati lililokunjwa kwa njia rahisi kiwandani, fundi wa kijijini naye hulinyoosha kwa nyundo na ubao. Hata rangi ya kijani ya magari ya mwanzo ilikuwa ni rangi iliyobaki kwenye maghala ya ndege za kijeshi.

Kuhesabu kwa inchi

Wenye Land Rover huzungumza kwa namba: themanini na nane, mia na tisa, mia na kumi. Namba hizo ni urefu, kwa inchi, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma. Gari la 1948 lilikuwa na inchi 80, yaani sentimita 203. Mwaka 1954 zikaja 86 na 107, na mwaka 1956 zikarefushwa tena kuwa 88 na 109. Injini ya dizeli ilianza kuwekwa mwaka 1957.

Toleo la pili, lililoitwa Series II, lilitoka mwaka 1958 likiwa na mbavu zilizotuna kidogo na injini ya petroli ya lita 2.25 iliyokuja kudumu kwa miongo. Series IIA ilifuata mwaka 1961, na Series III ikatoka mwaka 1971. Njia rahisi ya kutambua Series III ni kutazama uso: taa kubwa zipo kwenye mabawa, na kati yake kuna wavu wa plastiki, tofauti na magari ya zamani ambayo taa zake zilibanana katikati pamoja na wavu wa chuma. Series III ndiyo pia iliyomwondolea dereva shida ya kupiga klachi mara mbili ili gia ndogo zikubali kuingia bila kelele.

Hesabu za kiwanda zinaonyesha kasi ya mauzo. Gari la 250,000 lilitoka mwaka 1959, la 500,000 mwaka 1966, na la milioni moja mwaka 1976. Sehemu kubwa ilikwenda ng'ambo, na nyingine zilisafirishwa zikiwa vipande na kuunganishwa huko zilikokwenda. Afrika Mashariki ilikuwa na kituo chake: kiwanda cha Leyland Kenya, mjini Thika, kilianza kuunganisha Land Rover katika miaka ya 1970.

Mwaka 1970 kampuni ilizindua Range Rover, gari la injini ya V8 na springi za koili, laini barabarani na hodari porini. Springi hizo zilichukua miaka 13 kufika kwenye gari la kazi. Mwaka 1983 ilitoka 110, na mwaka uliofuata 90. Zote mbili ziliacha springi za majani na kutumia koili, na magurudumu yote manne yakawa yanavuta muda wote. Mwaka 1989 kampuni ilileta gari la kifamilia lililoitwa Discovery, na ili wateja wasichanganyikiwe, mwaka 1990 gari la kazi lilipewa jina lake la kwanza kamili: Defender. Tanzania jina hilo lilikwenda moja kwa moja polisi. Mtu akisema mtaani kwamba ameona difenda imesimama kona, wasikilizaji hawaulizi ni gari la nani.

Bonde linalojaribu magari

Land Rover ilizaliwa wakati ambapo bonde la Kilombero lilikuwa linaanza kupokea wageni wenye vitabu na vipimo. Mwaka 1949 mwanasayansi wa Uswisi, Rudolf Geigy, alifika Ifakara, ambako Wakapuchini kutoka nchini kwake walikuwa na misheni. Mwaka 1957 Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Uswisi ilifungua hapo maabara yake ya utafiti, ile ambayo baada ya mabadiliko kadhaa imekuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilikua pembeni yake. Kati ya mwaka 1955 na 1961 wataalamu wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walipima bonde zima la Rufiji, Kilombero ikiwemo, wakitafuta pa kumwagilia na pa kujenga mabwawa. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianza karibu na Kidatu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Muongo uliofuata Wachina na Watanzania walitandika reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, ikipita Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba.

Kazi hizo zote zilihitaji kufika mahali pasipo na barabara, na katika Tanganyika iliyokuwa chini ya Mwingereza hadi Desemba 1961, Land Rover ndiyo iliyokuwa gari la kawaida la ofisi za serikali. Uhuru ulipokuja, magari yalibaki pamoja na madereva waliokwisha kuyazoea.

Uzoefu wenyewe ulikuwa elimu. Kwenye Series II na III, pembeni ya gia kuu kuna viwiko viwili vidogo. Chenye kichwa cha njano hukandamizwa chini ili magurudumu ya mbele nayo yavute. Chenye kichwa chekundu huvutwa nyuma gari likiwa limesimama, nacho huingiza gia za nguvu, za mwendo wa kutambaa. Dereva mzuri huvitumia kabla ya kuingia topeni. Akingoja hadi gari linase, magurudumu huwa yamekwisha kuchimba, chesisi imelala juu ya udongo, na kinachofuata ni jembe, mbao na mabega ya abiria.

Maji yana kanuni zake. Defender imeundwa kupita maji ya kina cha nusu mita bila maandalizi. Kwa injini za petroli za zamani, hatari kubwa ni feni: hurusha maji juu ya nyaya za plagi na injini huzima katikati ya mto. Ndiyo maana dereva alisimama ukingoni, akalegeza mkanda wa feni, akavuka taratibu, kisha akaurudisha upande wa pili. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, na hiyo ni moja ya sababu za kupendwa kwake mabondeni. Betri ikifa, magari ya Series yalikuwa na hendeli: inachomekwa mbele, inazungushwa kwa mkono, na safari inaendelea.

Mto Kilombero wenyewe haukuvukwa kwa gari lolote bila chombo. Aliyetoka Ifakara kwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi alifika Kivukoni na kupanga foleni. Tarehe ya kuzama kwa kivuko cha hapo na ya mwisho wa Defender ya zamani zimekaribiana kwa namna ya ajabu: mwishoni mwa Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama kikiwa na abiria na magari, na tarehe 29 ya mwezi huohuo kiwanda cha Solihull kilitoa Defender ya mwisho ya umbo lililoanzia mwaka 1948.

Mjapani aingia

Land Rover haikushindwa na tope. Kwanza ilishindwa ofisini. Rover ilimezwa na kampuni ya Leyland mwaka 1967, mwaka uliofuata likaundwa shirika kubwa la British Leyland, na mwaka 1975 serikali ya Uingereza ikalazimika kulichukua shirika hilo lisife. Fedha zilizopatikana kwa kuuza Land Rover zilisaidia kubeba magari mengine yaliyoleta hasara, na gari lenyewe likakaa na injini ileile ya lita 2.25 mwaka hadi mwaka. Wateja waliweka oda wakasubiri.

Wakati huo Toyota ilikuwa imejipanga. Gari lake la kwanza la namna hii lilitoka mwaka 1951, likaitwa Land Cruiser mwaka 1954, na toleo la 40, lililoanza mwaka 1960, lilikuja na injini ya petroli ya silinda sita, lita 3.9. Mbele ya injini hiyo, silinda nne za Mwingereza zilionekana kuhema. Toyota ilikuwa nzito na imara, na oda zilifika. Pia haikuwa na ugonjwa uliowasumbua sana wenye 109, yaani hafu shafti za nyuma kukatika gari likipakiwa kupita kiasi na kung'ang'anizwa kutoka shimoni.

Kwa Tanzania, zamu hiyo ya magari iliangukia wakati mgumu. Tangu mwaka 1974 uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala akiba ya fedha za kigeni, na spea zikawa adimu kama sukari na sabuni. Land Rover nyingi zilisimama juu ya mawe zikingoja pampu au gia, na nyingine zilichunwa ili kuponya wenzake. Nchi ilipoanza kufungua milango ya biashara katikati ya miaka ya 1980, wafadhili na miradi walikuwa wamekwisha kuchagua. Magari ya wagonjwa, ya utafiti na ya hifadhi yaliyoagizwa tangu hapo kwa wingi yamekuwa Land Cruiser, na ndivyo yalivyo hadi leo katika hospitali nyingi za nchi.

Kampuni yenyewe iliendelea kupita mkono kwa mkono. British Aerospace iliinunua mwaka 1988, BMW ya Ujerumani mwaka 1994, Ford ya Marekani mwaka 2000, na mwaka 2008 ikaangukia kwa Tata ya India pamoja na Jaguar, kwa dola bilioni 2.3. Defender mpya kabisa ilionyeshwa Frankfurt Septemba 2019 na hutengenezwa Nitra, nchini Slovakia. Haina chesisi ya ngazi kama babu yake, imejaa kompyuta, na bei yake imeiweka mbali na bwana shamba.

Zilizobaki

Barabara nazo zimebadilika. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa Mei 2018 na kumaliza foleni ya Kivukoni. Agosti 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua barabara ya lami kutoka Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, na safari ambayo masika iliweza kuchukua siku nzima sasa ni ya gari dogo la abiria. Tope limebaki kwenye njia za mashambani, kule mpunga unakotolewa, na huko pikipiki imechukua sehemu kubwa ya kazi.

Hata hivyo Land Rover za zamani hazijaisha Tanzania. Oktoba 2024 tamasha la Land Rover lilikusanya mamia ya magari jijini Arusha, kwa nia ya kuvunja rekodi ya dunia ya msafara mrefu wa magari hayo iliyokuwa inashikiliwa na Wajerumani. Kulikuwa na ya watalii yaliyong'arishwa, na mengine ya kazi yaliyokuja na vumbi lake.

Yanayofanya kazi hadi leo yanadaiwa uhai wake na gereji za mitaani. Injini ya Kiingereza ikichoka, fundi hukata na kuchomea upya vishikio vyake na kuketisha dizeli ya Toyota au Nissan, ambayo spea zake zinapatikana kila mji. Gari la aina hiyo lina bodi ya Solihull na moyo wa Japani. Wapenzi wa gari halisi hunung'unika, mwenye mizigo ya kupeleka sokoni hana muda huo.

Anayetaka kununua 109 au 110 ya zamani aanze kwa kulala chini yake. Bodi ni alumini, lakini chesisi ni chuma, na tope la miaka mingi hukaa ndani yake likiendelea kuila. Nyundo ndogo inatosha: palipo pazima hulia kengele, palipooza hutoa kishindo kizito au kutoboka. Baada ya hapo atazame ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva, hasa pembe zake za chini, na sehemu ambazo alumini imekutana na chuma, kwa kuwa unyevu ukiingia hapo alumini hugeuka unga mweupe. Akague hafu shafti na difu kwa kusikiliza mlio wa kugonga gari linapoanza kuondoka. Oili kidogo chini ya injini isimtishe, maana gari hili limevuja tangu likiwa jipya. Mwisho asome kadi ya gari: namba ya chesisi ilingane na iliyopigwa kwenye chuma, na kama injini imebadilishwa, muuzaji aonyeshe kwamba Mamlaka ya Mapato, TRA, wamekwisha kuarifiwa.